Siku Mama Alipokwenda Kuwasikiliza Misumari

Mama alitoka chumbani amevaa gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka analovaa kwenye harusi za watu anaowaheshimu, mwavuli mkononi, leso begani, na hapo hapo nikajua mambo yameniharibikia.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nakwenda na nyinyi," alisema, akifunga mshipi wa gomesi kana kwamba anafunga mzigo. "Hiyo Tororo si mbali. Hiyo muziki yenu mimi nataka kuona na macho yangu."

Apio, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa shule ya msingi hapa Busia, alikuwa ameketi mlangoni anajipaka kucha rangi nyeusi. Alificha mikono nyuma ya mgongo mara moja. Mama alimtazama, akatazama chupa ya rangi iliyobaki sakafuni, kisha akasema tu, "Ikikauka tunaondoka."

Nani huenda kwenye tamasha la roki na mama yake? Kwa watu wengi wa huku kwetu, roki ni kelele za Wazungu waliokosa usingizi. Lakini sisi tulikuwa tunawapenda Misumari kufa. Ni bendi ya Kisumu, vijana wa kawaida tu, na mwimbaji wao Damalie ni mtoto wa Lunyo, hapa hapa jirani, binti wa wakulima. Nilikuwa nikizisikiliza nyimbo zao kwenye simu hadi betri inazima, nikifunga duka la dawa ninakofanya kazi, nikipika, nikilia. Na sasa walikuwa wanakuja Tororo kwa mara ya kwanza, Jumamosi mchana, na mimi nilikuwa nimeshapanga kila kitu: nani nitasimama naye, wimbo upi nitamshika mkono.

Huyo wa kumshika mkono ni Owori.

Owori ni mwalimu kule Mulanda. Nilimjua siku alipokuja dukani kununua plasta za vidole, na nilipomuuliza amejikata na nini, akaona haya na kusema ni nyuzi za gita. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimechubuka kama vya mtu aliyemenya mihogo wiki nzima. Nikamuuliza anapiga nyimbo za nani. Akafungua shati kidogo, ndani kulikuwa na fulana ya Misumari. Tangu siku hiyo alikuwa mgonjwa sana huyo mwalimu, kila Ijumaa plasta, kila Ijumaa plasta, mpaka mwenye duka akaniuliza kama vidole vya yule bwana vinaota upya.

Nilimpenda kwa utulivu wake. Ukizungumza naye, anakusikiliza hadi neno la mwisho, halafu anasubiri kidogo, pengine una lingine. Mimi ni mtu wa maneno mengi na nilikuwa sijawahi kusubiriwa.

Basi, majuma machache kabla ya tamasha, nilimleta nyumbani amwone Mama.

Hapa inabidi nieleze kitu cha kwetu. Sisi ni Wateso, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakai kwenye mkeka mmoja. Ndiyo heshima yenyewe. Okwi, mume wa dada yangu, akija kutoka Merikit, hukohoa langoni kabla ya kuingia ili Mama apate nafasi ya kutokea mlango wa jikoni. Siku moja walikutana ghafla kwenye kijia, Mama ana beseni la mihogo kichwani, na Mama aliingia kwenye mahindi ya watu na beseni lake mpaka Okwi akapita. Kila mtu alisifu adabu yake. Mwenye mahindi tu ndiye hakusifu.

Kwao Owori kule Mulanda, ingawa si Wateso, nako ni hivyo hivyo, kwa hiyo siku ile alipofika kwetu alisimama mbali, kichwa chini, mikono nyuma, akisubiri Mama ajifunike leso na kupita kando.

Mama alimwendea moja kwa moja, akaunyakua mkono wake kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Karibu, mwalimu," alisema huku anatabasamu. "Karibu sana. Kunywa chai."

Mgeni asiyejua angesema mama huyu ana ukarimu wa ajabu. Sisi tulijua maana yake. Owori alinitazama, na kile nilichokiona machoni mwake nilikaa nacho siku nyingi. Mama alikuwa amemwambia mbele ya watu wote: wewe ni mgeni kama wageni wengine, maliza chai yako uende.

Jioni ile nilimfuata jikoni. Nikamuuliza ana kosa gani.

"Hana kosa. Ni kijana mzuri," Mama alisema, akikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Lakini ni mtu ya muziki. Watu ya muziki wanajisikiliza wenyewe tu."

"Mama, wewe mwenyewe unaongoza kwaya."

"Ndiyo sababu najua." Aliweka mwiko chini. "Baba yako, Mungu amuweke pema, alikuwa anapiga ngoma vizuri. Hakuna mtu alimshinda kanisani. Lakini mimi niliimba mbele ya hiyo ngoma miaka yangu yote, na mpaka anakufa hakuna mtu alijua sauti yangu iko namna gani. Hata yeye."

Nilikuwa nimekua nikidhani wale wawili waliimba pamoja.

Watu wa Owori walikuwa wanataka kuja kujitambulisha, na mjomba Erisa alikuwa anangoja neno la Mama Jumapili baada ya ibada. Akisema ndiyo, waje. Akisema hapana, Erisa angewatumia ujumbe wasijisumbue, na nyumbani kwetu mtu hapiti nyuma ya mgongo wa Erisa. Hivyo tamasha likawa Jumamosi, na hukumu yangu Jumapili, na katikati yake Mama na mwavuli.

Owori alikuwa anatungoja kwenye lango la uwanja, chini ya mwamba wa Tororo, pamoja na Elphas, rafiki yetu wa Busia ya upande wa Kenya anayetengeneza simu, aliyekuja na pikipiki yake. Niliona uso wa Owori ulivyong'aa aliponiona, na ulivyoganda alipoona nani anafuata.

"Huyo ni mathe wako?" Elphas alininong'oneza. "Atai, hii ni noma. Nilikuwa nimepanga kuruka leo."

"Ruka tu. Mbali naye."

Owori aliinamisha kichwa na kurudi hatua nyuma. "Yoga, Mama," alimwamkia kwa Kiteso, polepole, kama alivyokuwa amenisumbua nimfundishe.

Mama aliufuata mkono wake huko huko ulikokuwa umejificha, akautoa, akautikisa. "Yoga, mwalimu. Shule inaendelea?"

"Inaendelea, Mama."

"Vizuri."

Kisha akamwachia, akamwomba muuza soda kiti cha plastiki, akakiweka mahali ambapo angeona jukwaa na kutuona sisi wote kwa wakati mmoja. Alikaa wima, gomesi imesimama mabegani, mwavuli umefunguliwa, katikati ya vijana wenye fulana nyeusi. Kuna msichana alimwomba apige naye picha. Mama alikubali, hakutabasamu.

"Amenipa mkono tena," Owori alisema pembeni yangu, kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Pengine kesho..."

"Usiseme kesho. Leo ni ya Misumari."

Alitabasamu, na bega lake likagusa langu, akaliondoa haraka kwa sababu ya kile kiti cha plastiki.

Damalie alitoka bila kutangazwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, kichwa kimenyolewa, na miguuni amevaa gambuti, zile zile za kwendea shambani mvua ikinyesha. Alituangalia kama anayetafuta mtu anayemjua. Halafu ngoma ikapigwa, gita likaingia, na sauti ile niliyokuwa nikiibana kwenye simu ndogo ikanipiga mbavuni. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Apio alinishika kiunoni, Elphas aliruka na kumkanyaga mtu, tukaimba kila neno, na watu wa Mbale na wa Malaba na wa wapi sijui waliimba nasi kama tuliolelewa nyumba moja. Niliwapenda wote. Niliupenda hata ule mwamba uliosimama juu yetu kimya, wenyewe tu ndio uliokuwa haurukiruki.

Nilipogeuka kumtazama Mama, alikuwa ameziba masikio kwa vidole. Nilipogeuka tena, kidole kimoja kilikuwa kimetoka.

Baadaye nikamsogelea na soda. "Mama, umeonaje?"

"Wanapiga kelele sana," alisema. Halafu akaelekeza kidevu jukwaani. "Lakini hiyo mtoto ana sauti. Ya Mungu kabisa. Ila leo koo yake inauma."

"Anaimba vizuri tu, Mama."

"Anaimba na kidonda. Sikiliza hapo juu, anaruka noti kama mtu anaruka tope. Wenzake hawasikii. Wanapiga tu." Aliipokea soda, hakuinywa.

Nilirudi kwa wenzangu moyo wangu mzito. Alikuwa amekuja na kosa la watu wa muziki mkononi, na sasa alikuwa amepata pa kuliweka.

Misumari wana desturi moja inayojulikana na kila anayewapenda. Kwenye wimbo wao wa mwisho, wimbo wa mto Malaba, mpiga gita wao hulivua gita na kumpa mtu mmoja kutoka kwenye umati alipige yeye. Katikati ya wimbo huo kuna mahali ambapo wengine wote hunyamaza na gita hubaki peke yake, likilia mpaka nywele zinasimama. Ndipo vidole vya Owori vilipochubukia. Plasta zote nilizomuuzia zilikuwa za mahali pale pamoja tu.

Kwa hiyo gita lilipovuliwa, Elphas hakungoja ruhusa ya mtu. Aliinama, akapitisha kichwa katikati ya miguu ya Owori, akamwinua mabegani. "Huyu hapa!" alipaza sauti. "Dada Damalie, huyu hapa!"

Damalie alinyoosha kidole. Kwake.

Owori alinitazama kwanza. Sijawahi kutazamwa hivyo, kwa hamu na kwa kuomba msamaha kwa pamoja. Kisha akamtazama Mama, na nikaelewa anapima nini. Akipanda, atakuwa amethibitisha kila alichosema Mama. Asipopanda, atabaki na vidole vyake maisha yote.

Mama aliufunga mwavuli. "Muache aende," alisema, akinitazama mimi. "Nilikuja kuona. Sasa nitaona."

Alipanda. Mwalimu wangu wa Mulanda, shati limechomekwa vizuri, aliinamia gita la Misumari, na noti za kwanza zilipotoka umati ulipiga kelele za kumkubali. Apio alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeng'ata leso. Alikuwa anajua, jamani. Alikuwa anapiga kama aliyezaliwa na wimbo huo, na Damalie alimgeukia na kucheka kwa furaha, kisha akaanza ubeti wa pili, na kwenye lile neno la juu, sauti yake ikakatika.

Haikukatika sana. Wengi hawakusikia, kwa sababu gita lilikuwa juu. Lakini Owori alikuwa karibu naye. Nilimwona akigeuza kichwa. Nilimwona akiupeleka mkono kwenye kitufe cha gita na kushusha sauti. Akaacha kupiga kwa nguvu, akaanza kuzigusagusa nyuzi kwa ncha za vidole, chini kabisa, na mpiga ngoma alipoona naye akapunguza. Umati ukatulia kidogo kidogo ili usikie. Na ile sauti yenye kidonda, ndogo, ikaanza kusikika uwanja mzima. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa mchana kutwa.

Pakafika mahali pale pa gita. Wote walinyamaza kumpa nafasi. Elphas alikuwa amekwisha kuinua mikono.

Owori hakuliliza gita. Alimtazama Damalie, akamwinamishia kichwa, akapiga uzi mmoja tu, akaushikilia, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Damalie akaelewa. Akafumba macho, akaimba yeye pale palipokuwa pa gita, bila maneno, kwa pumzi iliyobaki.

"Buda anafanya nini?" Elphas alisema. "Hiyo solo ni yake. Si achape solo?"

Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda hadi kifua kikauma. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama. Mwavuli ulikuwa umemwanguka miguuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka taratibu mbele ya kifua chake, kama Jumapili mbele ya kwaya. Midomo ilikuwa inatembea. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa kwa Damalie. Yalikuwa kwa yule aliyeshika uzi.

Wimbo ulipokwisha, Owori alishuka ametota jasho, akapenya watu hadi tulipo. Walimpiga mgongoni njia nzima.

"Umeacha sehemu yako," nilimwambia.

"Sauti yake ilikuwa inaisha," alisema. "Ningepiga, angezama."

"Vidole vyote vile, Owori."

"Nitakupigia wewe." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Wewe peke yako. Utachoka."

Nilicheka na kulia, na ningemkumbatia pale pale, ila Mama alikuwa amekuja na kusimama nyuma yangu. Owori alimwona. Alikuwa ameshafundishwa mara mbili jinsi Mama anavyosalimia, na ni mtu msikivu, hakutaka kumsumbua mama wa watu kuufukuzia mkono wake mara ya tatu. Akaunyoosha mwenyewe.

Mama alirudi nyuma kama aliyeona moto.

Mkono wa Owori ukabaki hewani. Mama aliivuta leso ikamfunika kichwa na nusu ya uso, akageukia pembeni, mikono yake yote miwili ameificha ndani ya mikunjo ya gomesi. Nikafikiri basi, sasa amemnyima hata salamu ya mgeni.

"Mama," nilimwomba. "Mama, tafadhali."

Alizungumza na Apio, akiangalia chini. "Mwambie hiyo mtu asimame huko huko. Mimi nitapitia huku nyuma ya spika. Na gari moja na yeye sipandi. Hii kijana ya simu atanibeba na pikipiki."

"Mimi?" Elphas alisema. "Na hiyo gomesi?"

Mama alikuwa ameshaondoka. Njia fupi ya kwenda langoni ilikuwa wazi mbele yake, watu wamempisha, na yeye akachagua kuzunguka uwanja mzima, ameinama kidogo, leso usoni, akipita kwenye nyaya na makreti ya soda.

Nilianza kulia kwa sauti. Apio alinishika mabega, na nilipomtazama, mwendawazimu yule alikuwa anacheka.

"Wewe Atai, unalia nini? Mama yako alikimbia nani mara ya mwisho mpaka akaingia mahindi?"

Nilimgeukia Owori. Alikuwa bado anautazama mkono wake. Kisha, polepole, akaurudisha nyuma ya mgongo. Akatoka njiani, akainamisha kichwa, akageuza uso wake upande ambao Mama hayupo. Halafu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha adabu, kama Okwi anavyokohoa langoni kwetu akitoka Merikit.

Kule nyuma ya spika, leso ya Mama ikaongeza mwendo.

Manyunyu yalianza kudondoka kutoka upande wa mwamba. Owori aliinama akauokota mwavuli pale kitini, akaufuta vumbi kwa shati lake, akanikabidhi. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo ilikuwa haitulii.

"Mkimbilie, asilowe," alisema. "Mimi tena siruhusiwi kumpa."

Nami nilikuwa sijawahi kumwona mtu akakatazwa kitu na kufurahi kiasi kile.